Gia ya Tano si ya Mbio

Kama uko jikoni, injika chungu chako kisha vuta kigoda. Kama uko gereji, zima kwanza hiyo grainda, maana leo nazungumza na wewe kuliko wengine wote.

Nianze na swali. Umewahi kupanda gari la rafiki, tuseme Corolla au Carina ya otomatiki, ukaona kwenye dashibodi kitaa cha njano kimeandikwa O/D OFF? Ukauliza, "Hii nini?" Ulijibiwaje? Mimi nimewauliza madereva wanne, nikapata majibu manne. Wa kwanza alisema ni ya kuongeza nguvu. Wa pili, ya kubana mafuta. Wa tatu akaniambia ikiwaka peleka kwa fundi. Wa nne, dereva wa teksi mtu mzima, alinitazama akasema, "Kaka, mimi sijawahi kuigusa, na gari linatembea."

Herufi hizo mbili ni ovadraivu. Taa ikiwaka maana yake ovadraivu imefungwa: boksi la gia nne linaishia namba tatu, ile ya mwisho haiingii. Ovadraivu yenyewe ni nini? Tusubiri kidogo, tupite kwanza kwa maseremala.

Mimi naishi Keko. Mtu wa Dar ukimtajia Keko anakumbuka mambo mawili, gereza na fenicha. Gereza tuliache leo. Twende kwenye fenicha, kwenye banda moja lililo nyuma ya nyumba yetu, ambako kuna kijana kazi yake ni kukereza miguu ya meza na nguzo za vitanda. Kerezo lake lina mota moja, na mota ile inazunguka mwendo uleule tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Haijui kwenda pole wala haraka. Kinachobadilika ni mkanda.

Ukimkuta anaanza na gogo la mninga ambalo bado lina kona, mkanda utauona umekaa kwenye puli ndogo upande wa mota na puli kubwa upande wa mti. Mti unazunguka taratibu, lakini kwa nguvu. Patasi inakula na kerezo halisimami. Mti ukishakuwa mviringo, anahamisha mkanda kwenye puli zinazolingana. Sasa mota ikizunguka mara moja, mti nao mara moja. Mwisho, wakati wa kupiga msasa, anauhamisha tena: puli kubwa kwenye mota, ndogo kwenye mti. Hapo mti unazunguka kuliko mota.

Umeiona hiyo? Mti unazunguka kuliko mota. Hiyo ndiyo ovadraivu, msikilizaji. Na ukitaka kujua tabia yake, mwombe kijana yule akandamize patasi mkanda ukiwa pale mwisho. Mota itaguna, mkanda utateleza, na yeye atakutukana kwa adabu.

Basi giaboksi la gari ni hivyohivyo, isipokuwa badala ya mkanda kuna meno ya chuma yanayoogelea kwenye oili. Kwenye maboksi mengi ya gia tano ya magari ya zamani, namba nne ni ile ya puli zinazolingana: injini mzunguko mmoja, propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko nyuma, mzunguko mmoja. Namba tano ndiyo ya msasa. Propela inazunguka mara moja kamili wakati injini haijamaliza hata mzunguko wake mmoja. Magurudumu yanakwenda vilevile, injini imepumzika.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka unichoke: gia ya tano si ya mbio. Gia ya tano ni ya kupumzisha injini. Magari mengi ya zamani yenye ovadraivu mbio zake za juu kabisa yanazipata kwenye namba nne. Ukiweka tano ukakanyaga mpaka chini, upepo unalishinda gari na mshale unaanza kurudi nyuma. Vijana wa vijiweni hawapendi kulisikia hili. Nawaelewa.

Sasa nikupe kisa chenyewe.

Nyuma ya banda lile la kukereza kulikuwa na gari limefunikwa turubai miaka mingi, na juu ya boneti yake walikuwa wakipanga viti vinavyosubiri vanishi. Watoto wa mtaani walidhani ni meza. Siku moja mwenyewe, mzee mstaafu wa bandarini, akaja na wanawe wawili, wakashusha viti, wakavuta turubai. Chini yake, Datsun 240Z.

Najua kuna wazee wanaonisikiliza hapo wamekaa sawa. Ninyi vijana niwaambie kwa nini. Kuanzia 1953 kulikuwa na mashindano ya magari yaliyokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Vumbi, matope, mito, twiga barabarani. Mwaka 1971 mkazi wa Kenya, Edgar Herrmann, na msomaji wake wa ramani, Hans Schüller, waliyashinda kwa Datsun 240Z. Wa pili akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye kwa 240Z. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, gari aina ileile, akamaliza sawa kwa alama na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800, na ushindi akapewa Mehta. Mtu huyu baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, lakini hayo alishinda kwa magari mengine. Lile gari la 1971, jekundu lenye boneti nyeusi, Nissan wamelitunza kwao Japani mpaka leo.

Gari lenyewe lilitoka mwishoni mwa 1969. Milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo lita 2.4. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Magari haya yaliyopelekwa Marekani yalikwenda na boksi la gia nne, wakati mengi yaliyouzwa Ulaya, na mengi ya kwao Japani, yalikuwa na gia tano. Kwa hiyo mpaka leo kuna Mmarekani mwenye fedha zake anayezunguka akitafuta boksi la gia tano la kutia kwenye 240Z yake, hasa lile lililokuja kwenye mdogo wake wa baadaye, 280ZX.

Gari la mzee wetu lilikuja nchini na gia tano. Lakini boksi lilikufa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mnaoukumbuka wakati ule mnajua. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, spea ni kama dhahabu. Sukari yenyewe ya foleni, utapata wapi sinkronaiza ya Datsun? Hata kuendesha kulikuwa na masharti. Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi linalazwa. Fundi wa wakati huo akafunga lililopatikana, boksi la gia nne, gari likatembea miaka michache, likachoka, likafunikwa.

Sasa mzee alitaka gari lifufuliwe na lirudishiwe gia yake ya tano. Nilimuuliza, "Baba, sasa unataka gia ya tano ya nini, na foleni hizi?" Akacheka. Akasema kila mwaka yeye na mkewe huenda Morogoro kwa shemeji yake, na zamani walipokuwa wakienda na gari hili ilibidi wapigiane kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Injini ilikuwa inanguruma njia nzima. "Nataka nizungumze na mke wangu," akasema. Sikuwa na swali lingine.

Naomba msikilizaji utulie hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanasema, "Natafuta boksi la gia tano." Boksi la gia tano kwa difu ipi, yaani zile gia za nyuma kati ya propela na magurudumu? Ukiwa na boksi bila kuijua difu yako, ni kama kujua bei ya kitambaa bila kujua utashona nini.

Difu ya gari lile, kwa magari ya gia tano, ni 3.9. Maana yake propela ikizunguka karibu mara nne, gurudumu linazunguka mara moja. Ukiwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye namba nne, injini inapiga mizunguko kama 3,300 kwa dakika. Ukitia namba tano ya boksi la kwanza la gari hilo inashuka kama 2,900. Yale ya 280ZX ya miaka ya themanini, ambayo tano yake ni ndefu zaidi, yanakushusha mpaka kama 2,500. Tofauti hiyo sikio linaisikia.

Lakini tazama hii. Magari yale ya Marekani ya gia nne yalipewa difu nyepesi, 3.36. Fanya hesabu kwenye namba nne, mwendo uleule wa 100. Unapata kama 2,900. Ileile! Mwenye gia nne na difu ya 3.36, na mwenye gia tano na difu ya 3.9, wakiwa kwenye gia zao za mwisho, injini zao zinaimba sauti moja. Sasa huyu wa kwanza akitia boksi la tano ndefu bila kugusa difu, injini inashuka karibu 2,100, gari linakuwa kama punda aliyelala akisimama. Kila kilima kidogo unarudi namba nne. Amenunua gia ya kuangalia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, inama chini ya gari ujue difu yako. Kabla hujatoa hela. Nimesema mara mbili kwa makusudi.

Boksi lenyewe tulilipata kwa wauza spea za mtumba, limetoka kwenye pikapu ya Nissan. Muuzaji aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni la gari la mbio. Fundi tuliyekwenda naye hakubishana. Alitoa chaki mfukoni, akachora alama kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye shafti ya nyuma, akaingiza namba tano kwa mkono, akaniambia, "Wewe hesabu nyuma." Akazungusha ya mbele mara kumi kamili. Ya nyuma ilizunguka mara kumi na mbili na kipande. Akaingiza namba moja, akazungusha tena: mbele mara tatu na nusu na kidogo, nyuma mara moja. "La mzigo hili," akasema. "Namba moja yake ni ya kuvutia matofali. Lakini tano yake inatufaa."

Nimeona maabara zenye vifaa vya mamilioni, ila chaki ile ilinipendeza zaidi. Kisha akafungua nati ya chini, akachovya kidole kwenye oili, akakiinua juani. Ukiona oili ina vumbi linalometameta kama dhahabu, hiyo ni shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kuingia kwa gia, inalika. Liache boksi hapohapo. Tope jembamba jeusi kwenye sumaku ya nati, hilo la kawaida. Letu lilikuwa na tope tu. Tukalipia.

Mnanisikiliza bado? Tuingie chini ya gari.

Ganda la mbele la boksi, lile linalofunika klachi na kushikana na injini, la pikapu halikubaliani na injini ya silinda sita ya Datsun. Matundu ya bolti hayalingani kabisa. Lakini maboksi haya ya Nissan ni ndugu. Ganda la mbele linatoka na lingine linaingia. Tukavua ganda la boksi la zamani tukataka kulivalisha jipya. Likagoma. Beringi ya shafti ya chini ya boksi jipya ni kubwa milimita chache kuliko tundu lake.

Hapo akajitokeza mtu, simtaji, mtaalamu wa kila kitu, akasema, "Leteni grainda, nalipanua dakika kumi." Mzee akasimama mbele ya ganda lile kama kipa. Alikuwa na haki. Tundu la beringi likihama katikati kwa unene wa unywele, meno yanakutana upande, boksi litalia tangu siku ya kwanza na litakufa mapema. Tulilipeleka kwa mtu mwenye kerezo la chuma. Alichukua asubuhi nzima kulipanga tu, anazungusha, anapima, anagonga kidogo kwa nyundo ya mpira, anapima tena. Kukata kwenyewe hakukumaliza hata robo saa. Kijana wetu wa miguu ya meza tulikwenda naye. Alikaa juu ya ndoo akitazama, na tuliporudi akaniambia kumbe yeye na yule bwana wanafanya kazi moja, ila chuma hakina vumbi la kukohoza.

Sasa nikiri kosa letu. Boksi la pikapu lilikuja na kola yake, kile kipande kama pete ndefu kinachobeba rilizi beringi ya klachi. Kola nzuri, mpya kuliko yetu. Tukaiacha mlemle. Tukafunga boksi, watu wanne tumelala chali, jasho na oili machoni, magoti ya fundi yakilibeba. Tukaunganisha hidroliki ya klachi, tukatoa upepo, mzee akaingia, akakanyaga pedali mpaka sakafuni, akajaribu riva. Boksi likapiga ukelele kama kuku anayechinjwa. Klachi haiachii.

Tulitoa upepo tena. Tukalaumu masta silinda. Tukalaumu dukani. Jua linazama, ndipo fundi akanyamaza, akajipiga kichwani. Kola, msikilizaji, haifuati boksi. Kola inafuata prisha pleti, lile bamba linalobana klachi. Prisha pleti yetu ilikuwa ileile ya Datsun, kwa hiyo ilitaka kola ileile ya Datsun. Ya pikapu ilikuwa fupi, uma wa klachi unafika mwisho wa safari yake kabla beringi haijakandamiza. Na ya zamani iko wapi? Kwenye kopo la Blue Band, pamoja na misumari na vifungo vya shati. Boksi likashuka tena. Jumamosi nzima ikaenda kwa pete yenye urefu wa vidole viwili. Andika hilo popote unapoandika mambo yako: kola inafuata prisha pleti.

Propela nayo ilikuwa na yake. Mkia wa boksi la pikapu ulikuwa mrefu, kwa hiyo propela ikabidi ikatwe, na mkono wa gia ukachomoza nyuma ya tundu lake, sakafu ikakatwa pia. Sakafu si kitu. Propela ni kitu. Mara ya kwanza ilikatwa na kuchomelewa kwa kukadiria kwa jicho, na gari lilipofika kilomita 70 kioo cha ndani kikaanza kutetemeka hadi bodaboda mmoja nyuma yetu akaonekana wawili. Ikabidi irudi kwenye kerezo, inyooshwe, ifanyiwe balansi. Halafu mauntini ya nyuma ya boksi: mkia wa boksi na pua ya difu lazima vielekee sambamba, kimoja kisitazame juu na kingine chini, la sivyo krosi za propela zinakwenda kwa kujikwaa hata kama propela yenyewe imenyooka kama mkuki.

Na spidi mita! Kuna kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha kebo ya spidi. Watu hawakikumbuki. Sisi hatukukikumbuka. Mshale ukisema 45, simu inasema 52. Ukiwa Keko utacheka, lakini pita Mlandizi hivyo, kwenye kibao cha hamsini, na trafiki ana tochi yake chini ya mwembe, uone kama atacheka na wewe. Kigia kile huchaguliwa kwa difu na tairi za gari linalokipokea, lile lilikotoka boksi haliulizwi.

Mwisho oili. Kwenye rafu ya duka utaona chupa za GL-4 na GL-5, na muuzaji atakwambia namba kubwa ndiyo bora. Hapana. GL-5 ni nzuri kwa difu. Sinkronaiza za maboksi haya ya zamani ni za shaba, na dawa iliyomo kwenye GL-5 nyingi haipatani na shaba. Boksi lipe GL-4, difu ipe GL-5, usizichanganye.

Nina neno fupi kwa wenye magari ya Kiingereza, kama wapo, MGB au Triumph za mababu. Kwenu ovadraivu mara nyingi si gia ya tano. Ni chombo cha pembeni kilichofungwa nyuma ya boksi la gia nne, kilichotengenezwa na Laycock wa mji wa Sheffield kwa ubunifu wa mhandisi de Normanville, na mnakiwasha kwa swichi. Ndani yake kuna gia za sayari, zinazozunguka nyingine kama mwezi, na klachi ya umbo la pia inayosukumwa na mgandamizo wa oili. Kazi safi sana. Msirudi nyuma hata hatua moja chombo hicho kikiwa kimeshika, kitavunjika humohumo.

Na vijana wa Mark II na Chaser mnaotoa otomatiki mkatia boksi la kukanyaga klachi, nanyi nawaona. Mambo yenu ni mengi kuliko ya mzee: pedali, kompyuta, taa ya riva. Nitaje moja tu. Gari la otomatiki haliwaki mpaka liwe P au N. Mkishatoa boksi, fundi anaunganisha waya ule ili liwake. Sawa, lakini sasa litawaka hata likiwa kwenye gia. Mtoto akizungusha ufunguo, gari linaruka ukutani. Wekeni swichi kwenye pedali ya klachi.

Je, inalipa? Mnaniuliza kila mara, inalipa? Mafuta yanapungua, ndiyo, safari ndefu. Lakini siku tulipomaliza, fedha za vidogovidogo, kukereza, propela, balansi, bushi, oili mara mbili kwa sababu ya kola, zilikuwa zimepita bei ya boksi. Mzee angenunua mafuta ya kwenda Morogoro miaka mingi sana. Atakayekwambia anatia gia ya tano ili abane matumizi, mpe pole.

Tulikwenda naye safari ya kwanza, mzee, mkewe na mimi nimejikunja nyuma pale panapowekwa mizigo, kwa sababu gari lenyewe ni la watu wawili, na wanaonisikiliza wa usalama barabarani wanisamehe. Tukatoka Keko alfajiri, Barabara ya Nyerere, chini ya daraja la Mfugale pale TAZARA, Mandela, Ubungo. Mpaka hapo ni namba mbili na tatu, mbili na tatu. Namba moja ya pikapu ndiyo hiyo aliyoisema fundi: umeondoka tu, imekwisha. Kibaha, hamsini. Mlandizi, hamsini. Kwenye hamsini usitie tano. Injini inagugumia kama mtu anayemeza ugali mkavu. Kijiji kikiisha, unapanda, nne, unaacha injini ichangamke.

Tumepita Chalinze, barabara imenyooka, asubuhi ina ukungu kidogo. Mshale uko tisini na kitu. Mzee akakanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia kulia na mbele, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Sauti ikashuka. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Tairi, upepo, basi.

Mama akageuka kumtazama mumewe. Nikadhani sasa yatasemwa yale waliyokosa kusemezana miaka yote ile.

"Baba Salma," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "huo mlio wa nyuma ni wa nini?"

Tukasikiliza wote. Chini yangu, wembamba kama mbu, difu ilikuwa inalia. Ilikuwa inalia siku zote. Injini tu ndiyo ilikuwa inaifunika.

Mzee hakujibu mpaka tulipofika Bwawani. Wiki ijayo panapo majaliwa, saa hizihizi, tutazungumza juu ya difu. Kwaherini.